Kahawa ya Kutafuna Iliyopikwa Bin Mahmoud

Sare nimeirudisha. Ile ya rangi ya damu ya mzee, yenye nyuzi za dhahabu kifuani, nimeifua, nimeipiga pasi na kuikabidhi kwa msimamizi, ambaye aliikagua kila mshono kana kwamba nilikuwa nimeiazima juzi. Mengine niliyoyapata katika kazi hii hakuna aliyeniambia niyarudishe, kwa hiyo nayaandika hapa. Ni yenu nyinyi mnaobaki na birika la kahawa mkononi. Habari za vyeo sitaziandika. Cheo hakijawahi kumpunguzia mtu maumivu ya kifundo cha mkono.

Nilitoka Kagera nikiambiwa nakwenda Doha kuuza duka la nguo. Uwanja wa ndege nikapokelewa na mwanamke mfupi mwenye ushungi wa kijani, akanitazama kuanzia viatu kwenda juu, akashika mkono wangu wa kushoto na kuupima uzito kama anayenunua samaki. Huyo alikuwa Hajati Nakato, Mganda wa Masaka, kiongozi wa wanawake wanaomimina kahawa kwenye kumbi za harusi, upande wa akina mama. Kwa Kiarabu cha huku mwanamke wa kazi hiyo anaitwa mugahwiya.

"Mukono uko na nguvu," alisema. "Duka la nguo sahau, nyabo. Utamimina kahawa."

Siku ya kwanza hakunipa kahawa. Alinipa dalla, lile birika la shaba lenye mdomo mrefu kama wa ndege, likiwa limejaa maji ya moto, akaniambia nipande na kushuka ngazi za nyumba yetu ya wafanyakazi bila kumwaga tone. Dalla inakaa mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, zikiwa zimepangwa moja ndani ya nyingine. Ukitembea ziache zigongane kidogo tu, zitoe sauti ya kuku anayedonoa bati. Hiyo ndiyo hodi yako. Zikigongana sana unapiga ngoma. Zikinyamaza kabisa unamvizia mgeni kama mwizi.

Halafu akanifundisha kipimo. Kahawa ya huku ni nyepesi, ya rangi ya dhahabu, imejaa iliki na zafarani, na haijazwi. Unamimina kidogo chini ya finjani na kusubiri. Akitaka tena atakunyooshea; akitosheka ataitikisa finjani mara mbili tatu, na hapo unaichukua bila kumuuliza. Mgeni ukimjazia hadi juu, umemwambia anywe haraka aende kwao. Mimi niliyekulia kwenye nyumba ambayo kikombe kisichojaa ni matusi, hilo lilinichukua muda kulizoea.

Sikilizeni na habari ya viatu. Nunueni vilivyozidi kidogo, kwa sababu miguu ya saa ya kwanza siyo miguu ya saa ya mwisho. Nendeni na pini za ziada. Kabla ya kuondoka nyumbani kuleni chakula kizito, maana mtazungukwa na wali na kondoo mzima na hamtagusa.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, nami nitawapa moja tu. Ilikuwa nyumba moja kubwa huko The Pearl, sherehe ya uchumba. Mama wa bwana harusi alikaa upande wa madirisha, mama wa bibi harusi upande wa mlango, na kila mmoja alikuwa ametuma mtu jikoni kutuonya kwamba kahawa ianzie kwake. Hawakuwa na mzaha. Wakati huo nilikuwa nimeshakuwa msaidizi wa Hajati, nikamwuliza tufanyeje. Alinipa dalla ya pili, akaniambia nisimame mwisho wa ukumbi, yeye akasimama mwisho mwingine. Akatikisa finjani zake mara moja, nami nikatikisa zangu, tukaanza kutembea kwa hatua sawa tukitazamana usoni kama maharusi wenyewe. Kahawa ilitua kwenye finjani mbili kwa wakati mmoja. Wale akina mama walitazamana, kisha mmoja akacheka, mwingine akafuata. Tulipotoka Hajati akasema, "Watu wanadhani wanakunywa kahawa. Wanakunywa heshima. Iliki ni ya kuficha ladha yake tu."

Hajati alirudi kwao Masaka, nami nikachukua nafasi yake. Kuanzia hapo kazi mnaijua, wengi wenu nimewapima mikono mimi mwenyewe. Ila kahawa kubwa kuliko zote nilizowahi kuandaa hapa Doha haikuwa ya kampuni, haikumiminwa kwenye finjani, na mteja wake alikuwa kaka yangu.

Kaka yangu ni Ta Rwegasira, mkulima wa kahawa na ndizi huko kwetu Muleba. Binti yake, Kokushubira, tunamwita Shubi, ni muuguzi. Alipomaliza chuo mimi ndiye niliyemtafutia nafasi huku, tukaishi pamoja kwenye chumba na sebule mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Akiwa hapa akapendana na Mkenya mmoja, Odhiambo, anayeshughulikia kompyuta kwenye ofisi za watu. Kijana mrefu, mcheshi, mpishi mbaya. Walitaka kuoana. Odhiambo akataka kufuata utaratibu: apeleke posa kwa baba. Shubi akamkatia baba yake tiketi aje kututembelea, ili posa ifanyike hapahapa.

Ta Rwegasira alikuja. Alitazama majengo, alitazama magari, alikula kila alichopewa, na kila Odhiambo alipokuja kumwamkia alimjibu vizuri kabisa kisha akahamishia mazungumzo kwenye hali ya hewa. Hali ya hewa ya Doha haina mazungumzo marefu. Ni joto.

Mwishowe nikamwuliza waziwazi asubuhi moja tukinywa chai. "Kaka, kijana anaomba siku ya kuja na wazee wake. Nimjibu nini?"

Akaweka kikombe chini taratibu. "Kemilembe, wewe ni shangazi, unajua mila. Mgeni wa posa anapokelewa na nini?"

"Na akamwani."

"Iko wapi?"

Akamwani ndiyo kahawa yetu ya kutafuna: tunda zima la mbuni, na ganda lake, lililochemshwa na majani yenye harufu na kuanikwa hadi likauke. Kwetu mgeni hapewi maji kwanza, anapewa hiyo, kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko. Wanaokuja kuposa wakikaa na kikapu kisije, wanajua jibu bila kuambiwa. Wanaongea habari za mvua, wanaaga, wanakwenda zao. Hakuna aliyetukanwa na hakuna aliyekubaliwa.

"Hukuja nayo?" nikauliza. "Wewe mwenye shamba?"

"Nilisahau," alisema, bila kunitazama. "Na ya dukani siyo. Sasa siwezi kuwaita watu nikawakalisha mbele ya mikono mitupu. Mwambie kijana ana bahati mbaya. Labda mwaka mwingine, nyumbani."

Namjua kaka yangu tangu tukichunga mbuzi pamoja. Mtu huyu hasahau hata jembe alilomwazima jirani enzi za ujana. Nikamwambia, "Sema kilichoko moyoni."

Akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira hata kidogo, ndiyo maana iliniuma. "Wewe ulisema unakuja huku miaka miwili. Tulikuandalia chumba. Mama akakifagia kila Jumamosi mpaka alipokufa. Sasa umekuja ukamwita na Shubi. Akiolewa hukuhuku, na mtu wa kwingine, mimi nitamfagilia nani chumba?"

Shubi alikuwa nyuma ya mlango wa chumbani, na alisikia. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akavaa sare yake akaenda zamu. Jioni aliniambia, "Shangazi, bila baraka zake siolewi. Nitamwambia Odhi tuachane."

Hapo ndipo nilipokasirika. Sikumkasirikia kaka, nilikikasirikia kikapu kisichokuwepo. Kama kitu pekee kilichosimama mlangoni ni kahawa, nilijiambia, basi hicho si kitu cha kunitisha mimi. Nimeishi maisha yangu yote ya kazi ndani ya kahawa.

Tatizo ni kwamba mbuni hauoti Doha. Nilikwenda sokoni kwa Ami Saleh, Myemeni ambaye kwa miaka mingi alinichagulia iliki. Wayemeni wanachemsha maganda ya buni na kuyanywa, kwa hiyo nilijua hawezi kukosa. Nikamwambia nataka buni nzima, haijakobolewa.

"Na ganda lake?" Ami Saleh alishangaa. "Watu wote wananiomba niwamenyee. Wewe unataka na nguo zake?"

"Nataka kama ilivyotoka mtini."

Akaingia ndani akarudi na mfuko aliokuwa amewekewa na ndugu zake kutoka milimani kwao. Buni zilikuwa ndogo kuliko zetu, nyeusi, ngumu kama kokoto. Nyumbani mama alichuma buni zikiwa zimekomaa ila bado kijani, laini, zenye maji. Hizi zilikuwa zimekauka zamani. Nikazichukua hivyohivyo.

Nilizichemsha mara ya kwanza kama mama alivyochemsha, moto mkali na maji yanayotokota. Maganda yakapasuka, buni zikatoka uchi zikaelea kama mende. Nikamwaga. Nikampigia Hajati kule Masaka, maana Waganda nao wanaitafuna kahawa hiyo, wanaiita emmwanyi.

"Banange, Kemi!" alifoka kwenye simu. "Kitu kimekauka, wewe unakitupa kwenye moto? Kilaze kwanza kwa maji kinywe polepole. Halafu sufuria ivae majani ya ndizi chini, na moto uwe mudogo, mudogo kabisa. Unapika kitu cha kuombea mutu ndoa, hupiki kwato."

Majani ya ndizi niliyapata duka la Wahindi la jirani, yamefungwa kwenye karatasi, mabichi kabisa. Mchaichai nao haukuwa shida. Niliziloweka buni mpaka maganda yakalainika, nikavisha sufuria majani, nikaweka buni, nikaweka mchaichai juu yake, nikafunika kwa majani mengine na kifuniko kizito, moto ukiwa kama wa mshumaa. Baada ya muda harufu ikaanza kutoka. Nawaambia ukweli, nilikaa chini kwenye sakafu ya jiko. Lilikuwa jiko la mama yangu limeingia ndani ya ghorofa la Bin Mahmoud bila kubisha hodi. Kaka alikuwa amekwenda kutembea na Shubi baharini. Nilifungua madirisha yote ili asiikute.

Kukausha kulibaki, na hewa ya Doha siku zile ilikuwa imejaa unyevu hata nguo kwenye kamba zilikuwa zinatoa jasho. Nilizianika juu ya paa kwenye ungo, jioni nikazikuta zinanata. Kesho yake vilevile. Siku moja zaidi zingeota ukungu. Nikasimama pale juu nikiwa nimekata tamaa, upepo wa moto ukanipiga mgongoni. Nikageuka. Zilikuwa mashine za viyoyozi vya jengo zima, zimejipanga juu ya paa, kila moja inapuliza nje joto inalolitoa kwenye vyumba vya watu. Nilitafuta matofali, nikauinua ungo mbele ya mashine kubwa kuliko zote, nikafunika na chandarua kuzuia vumbi. Mlinzi wa jengo alipanda, akatazama, akaniuliza kwa Kiarabu kama ni dawa. Nikamwambia ndiyo, ya kaka yangu. Akanisaidia kubana chandarua.

Zilitoka zimekauka, zina rangi ya kahawia iliyokolea, zinang'aa kidogo. Nikatafuna moja. Kwanza uchungu, halafu ule mchaichai, halafu kitu kinachofungua macho. Nilicheka peke yangu juu ya paa.

Nikampigia Odhiambo. "Ijumaa baada ya misa, njoo na wazee wako."

"Auntie, si baba alisema hakuna? Shubi ameniambia tuachane. Sijalala, aki."

"Vaa shati la mikono mirefu," nikamwambia, "na ukipewa kitu, kipokee kwa mikono miwili, kitafune, usiteme."

Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya mapumziko na ya misa yetu, tulitoka kanisani Abu Hamour, tukafika nyumbani, na Odhiambo akaingia na mzee wa kwao, dereva wa miaka mingi hapa, pamoja na rafiki yake mmoja. Ta Rwegasira alinitazama kwa jicho la "tulikubaliana nini", lakini ni muungwana, aliwakaribisha wakaketi. Akaanza kuzungumzia joto. Yule mzee wa Kikenya naye akachangia kuhusu joto. Shubi alikuwa chumbani, mlango umeachwa wazi kidogo.

Niliingia kutoka jikoni. Nilikuwa nimeingia kwenye kumbi zenye mamia ya wageni, mbele ya mabibi waliovaa almasi, bila kuhesabu hatua. Siku hiyo nilizihesabu. Nilikuwa na kikapu changu kidogo nilichotoka nacho kwetu, ambacho miaka yote hii kilihifadhi sindano na nyuzi. Nikapiga magoti mbele ya kaka yangu, nikafungua mfuniko.

Neno likamkatikia mdomoni. Harufu ilimfikia kabla ya macho.

"Hii ni nini?"

"Akamwani, waitu," nikamjibu kwa heshima ya kwetu.

Akachukua moja. Akaizungusha vidoleni, akaiweka mdomoni, akaanza kutafuna. Kaka yangu hutafuna kahawa kama mtu anayesoma. Sebule yote ilimsubiri. Odhiambo alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono yote miwili.

"Nani amekuletea?"

"Hakuna aliyeniletea. Nimepika."

"Umepika wapi?"

"Hapa. Nimeanika juu, kwenye paa."

Akaendelea kutafuna. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikaogopa analia. Alikuwa anacheka. "Kemilembe," alisema, "mimi ile ya nyumbani niliiacha makusudi."

"Najua, kaka."

"Niliificha juu ya kabati hata mke wangu asiione."

"Najua."

Akacheka mpaka akafuta macho, na nadhani machozi yale hayakuwa ya kicheko yote. Kisha akachukua kikapu kutoka mikononi mwangu, na kwetu hiyo ni dalili kwamba posa itasikilizwa, akamnyooshea yeye mwenyewe mzee wa Kikenya, halafu rafiki, halafu Odhiambo. Kijana alipokea kwa mikono miwili kama nilivyomfundisha. Alipouma, uso ulijikunja, macho yakajaa maji.

"Vipi?" kaka akamwuliza.

"Mzee, siwezi kukudanganya. Ni chungu sana." Akameza. "Lakini naomba nyingine."

Ta Rwegasira akamtazama kwa muda mrefu, mara ya kwanza tangu afike Doha. Halafu akapekua kikapuni, akachagua buni moja nene, akaipasua ganda kwa meno. Ndani ya kila tunda la kahawa kuna punje mbili zilizolala uso kwa uso. Zamani kwetu watu wawili wasio wa damu moja walipotaka kuwa ndugu, waligawana mbili hizo. Akaweka moja ulimini mwake, na ya pili akaiweka kwenye kiganja cha Odhiambo, akakifunga kile kiganja kwa mkono wake.

"Ukiila hii," alimwambia, "siyo binti tu unayemchukua. Mimi pia nimekuwa mzigo wako. Utakuja kwangu kila mwaka, na watoto watajua njia ya shambani. Ukishindwa, iteme sasa, hakuna atakayekulaumu."

Odhiambo aliitia mdomoni akatafuna, chungu hivyohivyo, hakukunja uso tena.

"Haya," kaka akasema, akiegemea nyuma. "Sema sasa ulichokuja kusema."

Kijana hakuwahi kusema. Mlango wa chumbani ulifunguka wote, Shubi akatoka mbio, akaanguka kwenye magoti ya baba yake, nami nikapiga vigelegele ambavyo nilikuwa nimevibana tangu nilipoanza kuwamiminia watu wengine kwenye harusi zao. Mzee wa Kikenya akaanza kuimba. Majirani waligonga mlango wakidhani kuna msiba, Wahindi wa upande wa kulia na Wafilipino wa upande wa kushoto, na wote waliondoka wanatafuna, nyuso zimekunjamana, wanacheka.

Walioana nyumbani Muleba, kanisa lilijaa, nami nilikuwepo nikiwa nimekaa kiti cha mbele kama mtu mwenye haki ya kiti hicho. Lakini nataka kuwaambia kilichotokea kabla ya hapo. Kaka aliporudi alibeba kilichobaki kwenye ungo, akakifunga ndani ya shati lake. Nilimwambia ni aibu kupeleka kahawa Kagera kutoka Doha. Hakunisikiliza. Alipofika aliwaita wazee wa ukoo kuwapa habari za posa, akawapitishia kikapu bila kuwaambia chochote.

Akanipigia wakiwa wamekaa hapohapo. Nilikuwa kazini, napanga finjani kwa ajili ya harusi, simu nikaibana kwa bega.

"Wameimaliza," alisema. "Wanasema ni ndogo lakini ina nguvu. Wamebishana saa nzima ni ya kijiji gani, na mmoja ameapa anamjua mwenye shamba. Wanataka mbegu. Niwaambie imetoka wapi?"

Nikaweka dalla chini ili nicheke vizuri.

"Waambie," nikasema, "imetoka Fereej Bin Mahmoud, juu ya paa, na mwenye shamba ni Kemilembe."